Kosa la Bango, Kosa la Moshi

Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma wa Kenya

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Nakuandikia wewe, si Inspekta Jenerali wa Polisi wala Waziri wa Mazingira. Polisi hukamata na waziri hutoa ahadi, lakini kesi ya jinai haiendi popote bila ofisi yako kuikubali. Ibara ya 157 ya Katiba imekupa kalamu hiyo, ikasema huhitaji idhini ya mtu kuitumia wala hupokei amri ya yeyote. Ndiyo maana swali langu sina mwingine wa kumpelekea: mbona anayepiga kelele kuhusu sumu hufika kortini mapema kuliko anayeimwaga?

Jambo hili linaonekana wazi zaidi Owino Uhuru. Ukitoka kisiwani Mombasa, ukaipita Changamwe kuelekea Mikindani, utaukuta mtaa huo wa vyumba vya udongo na mabati, wenye wakazi wapatao 3,000. Ukutani mwao paliwekwa kiwanda cha kuyeyusha madini ya risasi kutoka kwa betri kuukuu za magari. Kazi yenyewe haina ufundi wa ajabu. Betri hupasuliwa, asidi ikamwagwa, vibao vya ndani vikatiwa tanuruni. Moshi unaotoka hubeba vumbi laini lisiloonekana vizuri kwa macho, likatua juu ya mabati, juu ya nguo zilizoanikwa na juu ya sufuria zilizoinamishwa nje zikauke. Mvua ikinyesha, paa linaoshwa na maji yanaingia kwenye ndoo. Mtoto anayetambaa hulipata vumbi hilo kwa viganja, kisha vidole huenda mdomoni, kama vidole vya watoto wote.

Risasi ikiingia mwilini hudanganya mifupa kwamba ni kalisi, nayo huipokea na kuihifadhi kwa miaka. Mama mjamzito humpitishia mwanawe aliye tumboni, na anayenyonyesha humpa kwa ziwa. Ubongo wa mtoto ndio unaoumia zaidi, na kilichoharibika humo hakirudi. Shirika la Afya Duniani limesema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama.

Phyllis Omido aliajiriwa kiwandani humo mwaka 2009. Alipewa jukumu la kushughulikia ripoti ya athari za mazingira, na wataalamu walipomwambia kwamba kiwanda hakistahili kuwa katikati ya makazi ya watu, alipeleka maneno hayo kwa wakubwa wake, nao wakamwondolea kazi hiyo. Mwanawe mchanga akaanza kuugua. Alipopimwa, damu yake ilikutwa na risasi. Omido akaacha kazi, akaanza kugonga milango ya serikali, na serikali, kama ujuavyo, ina milango mingi. Mwaka 2012, barua na ziara za ofisini zilipokuwa hazijazaa kitu, yeye na majirani wakaingia barabarani. Siku hiyo dola iliyokuwa imelala miaka yote iliamka ghafla. Alikamatwa, akalazwa seli, akashtakiwa kwa uchochezi na mkusanyiko haramu. Baadaye hakimu alimwachilia huru. Kiwanda chenyewe kilikuja kufungwa mwaka 2014.

Mheshimiwa, tazama tofauti ya mwendo. Kutoka bango hadi karatasi ya mashtaka haikuchukua muda. Kutoka moshi hadi haki imechukua hivi: ombi lilipelekwa mahakamani 2016. Julai 2020, Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa ikawapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufani ikaitengua. Tarehe 6 Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha. Miaka minane ya kesi, na bado wakazi wameendelea kudai walipwe. Miongoni mwa waliobebeshwa lawama katika hukumu ile ni mamlaka ya mazingira yenyewe, NEMA, iliyopewa kazi ya kuwalinda.

Na kuna tofauti nyingine, ndiyo hasa iliyonifanya niandike. Kesi ya Omido ilikuwa ya jinai: Jamhuri dhidi ya mtu, seli, dhamana, alama za vidole. Kesi ya kiwanda ilikuwa ya madai: wakazi wenyewe wakitafuta mawakili, wakikusanya vipimo vya damu, wakithibitisha vifo vya watoto wao kwa karatasi. Mnyonge akishukiwa kuvunja sheria, Jamhuri ndiyo humshtaki kwa gharama ya umma. Kampuni ikivunja sheria, mnyonge yuleyule anaambiwa ajipange, atafute ushahidi, aishtaki mwenyewe. Mwenye nguvu mpishe, walisema wahenga, lakini sikuona mahali Katiba ya 2010 iliponakili methali hiyo.

Pengine utaniambia kwamba waandamanaji wengi huachiliwa, kwa hiyo hakuna aliyeumia. Naomba nikueleze adhabu yenyewe inavyofanya kazi, maana inaonekana vizuri zaidi kutoka kwenye benchi la nyuma la korti kuliko kutoka afisini Nairobi.

Inaanza Ijumaa. Watu wa harakati huku Pwani wanaijua Ijumaa yao. Katiba, Ibara ya 49, inataka mtu afikishwe kortini ndani ya saa 24, ila saa hizo zikiishia siku isiyo ya korti, anasubiri siku ya korti inayofuata. Kwa hiyo anayekamatwa Ijumaa alasiri akiwa na bango atalala seli Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, na sheria haitakuwa imevunjwa hata herufi. Jumatatu anapandishwa kizimbani na nguo alizolalia. Anakana mashtaka. Anapewa bondi au dhamana ya pesa taslimu, na familia inaanza kupiga simu. Kisha kesi inapangiwa tarehe ya kutajwa. Tarehe ikifika, kiongozi wa mashtaka anasema faili haijaletwa kutoka kituoni. Inapangwa tarehe nyingine. Shahidi, ambaye ni askari, amehamishwa. Tarehe nyingine. Hakimu yuko likizo. Tarehe nyingine tena. Mshtakiwa ni mvuvi au mama anayeuza viazi vya karai. Kila tarehe ni siku bila mauzo na nauli ya matatu kwenda na kurudi, na asipofika hati ya kumkamata inatolewa mara moja, hakuna anayesema faili yake haijaletwa.

Mwishoni kesi inaondolewa chini ya kifungu cha 87(a) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai. Mshtakiwa anapongezwa na jamaa zake pale nje. Wakili mwenye uungwana humvuta kando na kumweleza kwamba kuondolewa kwa namna hiyo hakuzuii kukamatwa tena kwa jambo lilelile. Anarudi nyumbani si mwenye hatia na si huru sawasawa. Mkutano ujao wa kijiji ukiitishwa kuhusu mgodi au mtambo, atafikiria mara mbili. Kazi imefanyika bila hukumu yoyote kuandikwa, na kila hatua ilipita mikononi mwa watu wa ofisi yako.

Tena mara nyingi huyo aliyekamatwa hakuwa amekaidi sheria yoyote. Ibara ya 37 inampa kila mtu haki ya kukusanyika, kuandamana na kuwasilisha malalamiko, kwa amani na bila silaha. Sheria ya Utulivu wa Umma inataka polisi wapewe taarifa, si chini ya siku 3 wala zaidi ya 14 kabla. Taarifa tu. Lakini nenda kituo chochote na taarifa hiyo, uone inavyopokewa kama ombi la kibali. Afisa huisoma, akauliza nani amewatuma, kisha akasema mkubwa hayupo. Mkiandamana bila muhuri wake mnaitwa mkusanyiko haramu, kosa linalotoka katika Kanuni ya Adhabu ya 1930, iliyotungwa na serikali iliyowaogopa watu iliokuwa ikiwatawala. Watatu wanatosha kuwa haramu.

Lakini sitaki kujificha nyuma ya hoja hiyo rahisi. Wako wanaovunja sheria makusudi, wanajua wanaivunja, na wanafanya hivyo mchana kweupe. Hao nao ninataka kuwasemea, na nchi hii ina mfano ambao hakuna anayethubutu kuudharau siku hizi.

Mwaka 1989 serikali ilitaka kujenga jumba la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park. Wangari Maathai alianza kwa njia ya adabu kabisa: aliandika barua, kisha akaenda mahakamani. Mahakama ikamtupilia mbali kwa kuwa hakuonyesha ni madhara gani yangempata yeye binafsi, kana kwamba bustani ya umma haimhusu mtu wa umma. Jumba halikujengwa, wafadhili walijitoa kwa sababu ya kelele, si kwa sababu ya sheria. Miaka kumi baadaye zamu ikawa ya msitu wa Karura, uliokuwa ukimegwa na kugawiwa watu kwa siri. Tarehe 8 Januari 1999 alikwenda na wenzake kupanda miti mahali ambapo waliambiwa hawaruhusiwi kuingia. Walinzi waliwashambulia, naye akapasuliwa kichwa. Alikwenda kituo cha polisi akitokwa damu, akaandikisha malalamiko, na sahihi akaitia kwa damu ileile ya kichwani. Polisi hawakwenda kuwakamata waliompiga.

Mheshimiwa, kwa tafsiri kavu ya sheria ya siku ile, aliyekuwa na kosa la kujibu ni mwanamke mwenye mche mkononi, na mgawaji wa msitu alikuwa na karatasi zenye mihuri. Leo Karura ni takriban hekta 1,000 za msitu ndani ya Nairobi. Watu wanakimbia humo alfajiri kabla ya kazi, na sitashangaa wakiwemo mawakili wa ofisi yako. Mwaka 2004 mwanamke yule alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Na tulipoandika Katiba mpya, Ibara ya 70 iliweka wazi kwamba anayekwenda mahakamani kutetea mazingira hahitaji kuthibitisha kwamba yeye mwenyewe ameumia. Kifungu hicho ni jibu la moja kwa moja kwa kesi ya 1989. Ukaidi wa jana umekuwa sheria unayoilinda leo.

Sisemi kila anayekaidi ana haki. Wakifunga barabara, ambulensi ikakwama na mgonjwa ndani, wajibu. Akichoma gari la mtu, ashtakiwe kama mchoma gari mwingine yeyote. Na aliyeamua kwa dhamiri yake kuvunja amri fulani, nadhani anapaswa kuwa tayari kusimama mbele ya hakimu na kueleza kwa nini. Siombi msamaha wa jumla. Naomba upande wa pili wa kesi nao uletwe kizimbani, na uletwe kwa mwendo uleule.

Najua wapo watakaokushauri uelekee njia ya Uingereza. Huko, Julai 2024, Roger Hallam alihukumiwa kifungo cha miaka 5 na wenzake wanne miaka 4 kila mmoja, kwa kupanga kufunga barabara kuu ya M25 kupinga uchimbaji wa mafuta. Ushahidi mkubwa ulikuwa mazungumzo yao ya mtandaoni. Machi 2025 Mahakama ya Rufani ilipunguza baadhi ya vifungo, cha Hallam kikawa miaka 4. Nchi iliyotuachia Kanuni ya Adhabu ya 1930 bado inaendelea kutunga, na si lazima tuwe wanafunzi wake milele.

Jirani zetu wa Uganda nao wana somo la kutosha. Oktoba 2022 wanafunzi tisa walikamatwa Kampala wakipinga bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443, linalotoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga. Walishtakiwa kwa kuwa kero kwa umma, wakapelekwa gereza la Luzira, kesi ikaburuzwa mwaka mzima kabla ya kufutwa. Desemba 2023, Mahakama Kuu ya Hoima ilipokea ombi la serikali la kuziondoa familia 42 zilizokuwa zikibishana kuhusu fidia ya mashamba yao kwenye mradi wa mafuta. Uamuzi ulitoka kwa siku nne, na ulikuwa wa kuziondoa. Kumbe mahakama zinaweza kwenda mbio. Inategemea nani ameomba.

Hapa kwetu, mfano unaoniuma kuliko wote ni wa Solai. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018 bwawa la shamba la binafsi lilipasuka katika Kaunti ya Nakuru, maji yakafagia nyumba na kuua watu zaidi ya 40, wakiwemo watoto. Watu walishtakiwa kwa kuua bila kukusudia, na kwa hilo ofisi yako ilistahili pongezi. Lakini Februari 2020 hakimu wa Naivasha aliwaachilia washtakiwa kwa sababu upande wa mashtaka, yaani nyinyi, ulikuwa hausongi mbele na kesi. Ilibidi Mahakama Kuu iingilie ili irudishwe. Linganisha na yule mama wa viazi vya karai: kwake kucheleweshwa kwa kesi ni adhabu, na kwa mwenye bwawa kulikuwa nusura kuwe mlango wa kutokea.

Usiniambie sheria haikupi meno. Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira, ya 1999, ina kifungu cha 145 kinachomgusa mkurugenzi au afisa wa kampuni yeye binafsi, iwapo alijua au alipaswa kujua kosa linatendeka na hakufanya jitihada ya kulizuia. Hakiishii kwa kampuni, ambayo haina mwili wa kulala seli. Kinamfikia mtu. Kingetumika kama vinavyotumika vifungu vya mkusanyiko haramu, ungeona mabomba ya majitaka ya viwandani yakikarabatiwa nchi nzima kabla ya mwisho wa mwezi.

Wala usiniambie huna kipimo. Ofisi yako yenyewe ilitoa mwongozo wa uamuzi wa kushtaki wa mwaka 2019, unaomtaka kiongozi wa mashtaka ajiulize mambo mawili: je, ushahidi unatosha, na je, kushtaki kuna maslahi kwa umma? Swali la pili ndilo ninalodhani limesahauliwa mezani. Mwaka 2024, wavuvi na wanakijiji wa Uyombo, Kilifi, walipojitokeza kupinga mtambo wa nyuklia karibu na bahari yao, walikutana na rungu za polisi. Kabla hujakubali faili ya aina hiyo, Ibara ya 157(11) inakuamuru uzingatie maslahi ya umma na kuzuia matumizi mabaya ya mchakato wa sheria. Umma wa Uyombo ni nani basi, kama si hao waliopigwa?

Kwa hiyo haya ndiyo ninayoomba. Waagize viongozi wa mashtaka, kwa maandishi yanayoweza kusomwa na sisi sote, wasikubali karatasi ya mashtaka dhidi ya mwandamanaji wa amani wa mazingira kabla ya kuuliza na faili ya pili: ile ya malalamiko yaliyomtoa nyumbani. Kama watu wa mtaa wameshtakiwa kwa kelele kuhusu kiwanda, afisa wako atake kujua kiwanda hicho kina leseni, kimekaguliwa lini, na NEMA ilijibu nini. Ikionekana kosa la moshi lipo, lishtakiwe sambamba na kosa la bango, wiki hiyohiyo, na mahakama ipime yote mawili. Na kesi dhidi ya mwandamanaji ikiwa haina miguu, iondolewe mapema, tena kwa namna isiyomwachia tishio la kukamatwa upya.

Najua una kazi nyingi, hivyo jibu halihitaji kuwa refu. Nahitaji idadi mbili tu, na ofisi yako ndiyo yenye rejista. Tangu Katiba ya 2010 ianze kutumika, ni watu wangapi mmewashtaki kwa uchochezi, mkusanyiko haramu au kero kwa umma kwa sababu ya kupinga uharibifu wa mazingira? Na katika muda huohuo, ni wakurugenzi wangapi wa kampuni waliosimama kizimbani, wao wenyewe kwa majina yao, chini ya kifungu cha 145? Zichapishe zote mbili kwenye ukurasa mmoja, na wa Owino Uhuru wapelekewe nakala.

Wako mwaminifu,
Mkazi wa Mombasa